Baiskeli kwenye Barabara za Vumbi za Iringa, Njombe na Mbeya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye baiskeli nzima, miguu yenye nguvu ya kawaida na hamu ya kuziona Nyanda za Juu Kusini kwa mwendo ambao basi haliwezi kumpa. Nimeyapanga kwa kufuata mambo ambayo wageni huniuliza zaidi, na palipo na jambo la hatari nimelieleza kwa urefu zaidi hata kama swali lenyewe lilikuwa fupi.

Nimeona picha za nchi za nje, watu wakiendesha katikati ya mashamba ya mizabibu vilimani. Je, huku kuna kitu kama hicho?

Zabibu za Tanzania ni za Dodoma, kwenye nchi kavu ya tambarare, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Anayezitaka anaweza kutoka Iringa kwenda kaskazini, akavuka Bwawa la Mtera na kuingia Dodoma, ingawa njia hiyo ni ya lami na joto lake ni kali.

Nyanda za Juu Kusini zina mazao yake. Mufindi na Rungwe kuna mashamba ya chai yaliyonyooshewa mistari juu ya vilima, Njombe kuna parachichi, Mbozi na Rungwe kuna kahawa, na Makete na Uporoto kuna viazi mviringo hadi juu kabisa ya miteremko. Na kama unalotafuta ni hasa shamba linalotoa kinywaji, basi tazama mianzi iliyopandwa karibu na nyumba kuanzia Iringa hadi Njombe. Wakati wa mvua, ncha ya chipukizi changa hukatwa, utomvu hudondokea ndani ya mbeta, yaani chombo cha kipande cha mwanzi, na mgemaji hurudi kila siku kuikata upya ili usikauke. Huo ndio ulanzi. Ukiwa mbichi ni mtamu na mwepesi, lakini haukai: kadiri saa zinavyopita huchacha na kuwa mkali. Kwa maoni yangu, kichaka cha mianzi chenye mbeta zinazoning'inia asubuhi yenye ukungu hakihitaji kulinganishwa na shamba la mizabibu la nchi yoyote.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianzie wapi?

Anzia Iringa mjini, na safari ya kwanza iwe Kalenga, Tosamaganga na Isimila. Ni mzunguko wa siku moja, vilima vyake havichoshi kupita kiasi, na vijiji vyake vimebeba historia ambayo kila Mtanzania aliisoma shuleni lakini wachache wameikanyaga kwa miguu.

Kalenga iko kama kilomita 15 magharibi mwa mji, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Hapa palikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, ndani ya ngome iliyoitwa Lipuli, jina ambalo wapenzi wa soka wa Iringa wanalijua vizuri. Tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Wahehe walikivizia kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, mashariki mwa mji, na kamanda wake Emil von Zelewski aliuawa kwa mkuki. Wajerumani walirudi wakiwa na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa hakukamatwa. Alipigana porini kwa karibu miaka minne mingine, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi kuliko kuingia mikononi mwa adui. Kichwa chake kilichukuliwa. Fuvu likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudishwa kwa Wahehe mwaka 1954. Leo limehifadhiwa katika makumbusho madogo pale Kalenga. Ingia, vua kofia ya baiskeli, msikilize mwongozaji hadi mwisho. Nimewahi kuona waendeshaji wakipiga picha mlangoni kisha wakaondoka ili wasichelewe ratiba yao, na iliniuma, kwa sababu hakuna sehemu nyingine katika njia hii inayostahili muda wako kuliko hiyo.

Kutoka Kalenga uliza njia ya Tosamaganga. Misheni hiyo ya Kikatoliki ilianza miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kanisa lake na majengo yake ya zamani yanaonekana ukiwa bado unapanda. Jina lake kwa Kihehe hufasiriwa kuwa ni kutupa mawe. Ukishateremka hadi barabara ya Mbeya utafika Isimila, ambayo iko kama kilomita 20 kutoka mjini. Korongo lake lina nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe ambazo umri wake unakadiriwa kuwa miaka 260,000 hivi. Baiskeli hubaki mapokezini. Korongoni unatembea kwa miguu.

Anayetaka kumfuata Mkwawa hadi mwisho aende Mlambalasi, lilipo kaburi lake, kama kilomita 50 kutoka mjini. Hiyo ni safari ya siku nyingine, na ni nchi yenye joto zaidi na miiba.

Kwa nini wenyeji wananiambia kilomita 40 ni safari ya siku nzima?

Kwa sababu wanasema kweli. Huku umbali hausemi chochote mpaka ujue umepanda kiasi gani na juu ya udongo gani. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini iko kama mita 1,600, Mbeya kama 1,700, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo ni kama mita 2,600. Vijiji viwili vinavyotazamana kwa macho vinaweza kutenganishwa na bonde ambalo litakushusha mita 300 na kukupandisha mita 300 zile zile. Ukiipanga safari kwa kuhesabu kilomita za kwenye ramani, usiku utakukuta njiani.

Kanuni ninayoitumia mimi ni kuhesabu saa moja kwa kila kilomita 10 za barabara ya vumbi iliyo nzuri, kisha kuongeza saa moja nyingine kwa kila mita 400 za kupanda. Mwenye nguvu atafanya haraka zaidi. Hata hivyo sijamwona aliyejuta kwa kufika saa tisa alasiri badala ya saa moja usiku.

Miezi gani inafaa?

Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kiangazi, na kwa mgeni hiyo ndiyo ya kuchagua. Lakini kiangazi chenyewe kina sura mbili. Juni hadi Agosti ni baridi kali: Njombe, Makete na Kitulo hupata hata barafu ya alfajiri juu ya nyasi, na mikono isiyo na glavu haiwezi kushika breki vizuri, jambo ambalo kwenye mteremko ni hatari kamili. Septemba na Oktoba kuna joto kiasi, lakini vumbi limekuwa unga, na kila lori likipita hutaona mbele kwa muda.

Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Upande wa Tukuyu, ambao ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana nchini, huweza kunyesha hata baada ya hapo. Hapa suala ni udongo. Udongo mwekundu wa Kilolo na Mufindi ukiloa unakuwa utelezi kwanza, kisha unakuwa gundi. Unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Mwaka mmoja niliondoka Ipogolo kuelekea Kilolo asubuhi nikiwa nimeona mawingu na nikajiambia yatapita. Mvua ya saa moja ilinifanya nibebe baiskeli begani kwa sehemu kubwa ya mchana, nikiikwangua kwa kijiti kila hatua mia, hadi mama mmoja aliponipa ndoo ya maji na jamvi la kukalia. Tangu siku hiyo, mawingu yakijikusanya kabla ya saa nne asubuhi, sitoki.

Karibu na Rungwe na Uporoto hali ni tofauti, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi imetokana na majivu na mawe mepesi ya volkano, ambayo hunyonya maji upesi. Huko barabara ya juu inaweza kupitika saa chache baada ya mvua, ingawa palipochimbwa na magari ya viazi pamebaki makorongo.

Sababu moja tu inanifanya nimshauri mtu aje wakati wa mvua: maua ya Kitulo, ambayo huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili. Akija, aje na siku za ziada.

Ni baiskeli ya aina gani inafaa?

Baiskeli yenye tairi za upana wa milimita 40 hadi 50 inatosha kwa njia karibu zote nilizozitaja. Tairi nyembamba za lami zitakuadhibu, na baiskeli nzito ya milimani itakufikisha salama lakini kwa jasho zaidi. Usijaze upepo hadi tairi iwe ngumu kama jiwe. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati, tairi lililolegea kidogo hushika ardhi vizuri na huacha mikono yako ikiwa hai jioni.

Jambo la muhimu kuliko fremu, rangi na bei ni gia nyepesi. Ringi ndogo kabisa ya mbele iwe na meno sawa au pungufu kuliko ringi kubwa kabisa ya nyuma. Wasiolizingatia hili huishia kusukuma baiskeli, na kusukuma si aibu, lakini hakukuwa na sababu ya kusukuma.

Breki za diski zinafaa zaidi. Ukitumia breki za mpira zinazobana rimu, anza safari na mpira mpya, kwa maana vumbi la huku linausaga kama msasa.

Ikiharibika kijijini, nitapata fundi?

Utampata, na mara nyingi ni fundi hodari. Karibu kila senta kuna mtu aliyekaa chini ya mti na pampu, beseni la maji ya kutafutia pancha, solusheni na vipande vya mpira. Ataziba pancha, atanyoosha rimu, atabadilisha spoku na kuunga cheni. Lakini vipuri vyake ni vya Phoenix na vya baiskeli za milimani za inchi 26, na hapo ndipo wageni wanapokwama. Tairi la Phoenix la inchi 28 lina kipenyo kikubwa kidogo kuliko tairi la baiskeli ya kisasa ambalo nalo huitwa la inchi 28. Mawili hayo hayabadilishani. Tyubu lake linaweza kukusaidia kwa dharura, ila valvu yake ni nene, na tundu la rimu yako huenda ni la valvu nyembamba, hivyo haitapita.

Kwa hiyo beba mwenyewe tyubu mbili, tairi moja la kukunja ikiwa unakwenda zaidi ya siku tatu, kiungo cha cheni, mpira wa breki, pampu inayolingana na valvu zako, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Kipande hicho kikivunjika Makete, hakuna fundi atakayekuwa nacho. Kilichobaki mwachie fundi, mlipe anachostahili, na usimfundishe kazi yake.

Barabara ya Hamsini na Saba inapandika kwa baiskeli?

Inapandika. Ni barabara inayotoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, na kupanda ukingo wa milima hadi Matamba, na jina lake linatokana na hesabu ya kona zake. Chini ni nchi ya mpunga na joto la Usangu. Juu ni baridi, viazi na misonobari. Kati ya hapo unapanda karibu mita 1,000 bila sehemu ya maana ya kupumzika, kona moja baada ya nyingine, na kila ukigeuka tambarare ya Usangu inazidi kushuka chini yako.

Ondoka Chimala alfajiri, kwa kuwa ukuta huo wa mlima hushika jua mapema. Beba maji ya kutosha hadi juu, angalau lita tatu. Kwenye kona zilizofumba, kaa upande wako na usikilize: malori ya viazi na mbao yanayoteremka hayawezi kusimama ghafla, na dereva hakutarajii.

Kutoka Matamba unaweza kuendelea hadi Kitulo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake, wakiwemo okidi wa aina zaidi ya 40. Wenyeji wameiita Bustani ya Mungu muda mrefu kabla haijawa hifadhi. Ulizia taratibu na ada getini kabla ya kuingia na baiskeli, na using'oe chochote. Mizizi ya okidi huchimbwa kwa magendo ili kutengeneza chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, na uchimbaji huo umeyamaliza maua katika sehemu nyingi za uwanda. Ukiuziwa mizizi njiani, kataa.

Kushuka kutoka Kitulo kwa njia ya Isyonje kunakurudisha kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu. Vaa nguo zote ulizonazo kabla ya kuanza kuteremka.

Je, naweza kufika Ziwa Nyasa kwa baiskeli kutoka Tukuyu?

Ndiyo, na kama ningeruhusiwa kuendesha njia moja tu maishani, ningechagua hii: Tukuyu, Masoko, Ipinda, Matema. Unaanza kwenye chai na ndizi, mita 1,500 hivi, Mlima Rungwe ukiwa nyuma yako. Masoko utakuta ziwa la kreta, duara, maji yake yametulia, na pembeni yake jengo la boma la Wajerumani. Ukiendelea kushuka, migomba inachanganyika na kakao, hewa inakuwa nzito, na mwishowe unatokea kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela na milima ya Livingstone imesimama wima juu ya maji.

Tahadhari ni ya breki. Mteremko ni mrefu na si mmoja. Usizibane breki mfululizo. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, na simama kila baada ya muda uziguse kwa uangalifu kuona kama zimepata moto. Na kumbuka wanaopanda. Njia hizi ni za watu wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa na madumu ya mafuta, mzigo ambao wewe na mimi tusingeuweza. Anayepanda na mzigo ndiye mwenye barabara. Wewe simama pembeni.

Matema kuna mbu na malaria kuliko milimani, kwa hiyo chandarua na dawa ya kujipaka ni vya lazima.

Nitakula nini njiani?

Hutalala njaa. Mama lishe wa kila senta ana ugali au wali na maharage, na asubuhi chai na chapati au maandazi. Rungwe utapata ndizi zilizopikwa, Njombe parachichi kubwa kuliko ngumi, na msimu ukifika mahindi ya kuchoma. Maji ya mito ya huku yanaonekana masafi, lakini juu yake kuna vijiji na ng'ombe; chemsha au tumia vidonge. Beba fedha taslimu ndogo ndogo, kwa kuwa wakala wa simu anaweza kuwa amefunga.

Ulanzi uliokwisha kuchacha usiuguse kabla ya kumaliza safari ya siku. Ukipewa kwa heshima asubuhi, pokea, shukuru, onja kidogo, na ueleze kwamba una mteremko mbele. Mwenyeji ataelewa.

Je, barabara kuu ya lami haiwezi kurahisisha safari?

Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma hubeba malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana, na bega lake sehemu nyingi ni jembamba. Itumie kwa vipande vifupi tu vya kuunganisha njia za vumbi, mchana, ukiwa na nguo ya rangi inayoonekana. Mlima Kitonga usiuendeshe kabisa. Panda basi.

Basi litakubali baiskeli?

Mara nyingi ndiyo, kwenye buti. Zungumza na kondakta kabla ya kukata tiketi, mkubaliane nauli ya mzigo, fungua gurudumu la mbele na pedali, na uilaze mwenyewe. Usimwachie mtu mwingine airushe juu ya magunia.

Nisalimieje, na je, ninaweza kupita kwenye mashamba ya chai?

Salamu ndiyo kibali cha kupita. Uheheni na Ubena sema "Kamwene", nao watakujibu vivyo hivyo. Kwa Wanyakyusa "Ndaga" ni asante, na ukiitumia baada ya kuonyeshwa njia utaona uso ukifunguka. Kwa mtu mzima yeyote, "Shikamoo baba" au "Shikamoo mama" haijawahi kumwangusha mtu. Lakini punguza mwendo kwanza. Shikamoo inayotupwa na mtu anayepita kasi na vumbi lake ni afadhali isingetolewa.

Mashamba makubwa ya chai ya Mufindi na Rungwe yana barabara za ndani zilizotunzwa vizuri, nyingine ni za kampuni. Simama kwenye kizuizi, jieleze kwa mlinzi, andika jina lako daftarini. Nimekataliwa mara mbili katika miaka yote, na mara zote mbili mlinzi alinielekeza njia nyingine iliyokuwa nzuri zaidi. Msitu wa Sao Hill nao, hapo Mafinga, una njia nyingi za udongo katikati ya misonobari. Humo hatari ni malori ya magogo na kupotea, maana kila njia panda inafanana na nyingine. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuingia, kwani mtandao hukatika.

Wachuma chai usiwapige picha bila kuwaomba. Wapo kazini, na wanalipwa kwa kilo.

Nilale wapi?

Gesti zipo katika kila mji mdogo: Mafinga, Makambako, Njombe, Makete, Tukuyu. Omba chumba ambacho baiskeli itaingia. Kijijini kusipo na gesti, nenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, ujitambulishe na kuonyesha kitambulisho, kisha uombe mahali pa kusimamisha hema. Uwanja wa shule au misheni hupatikana. Fanya hivyo kabla ya saa kumi na moja jioni, wakati ofisi ya kijiji bado ina mtu.